Bia Bila Kikoa: Hoja Kuhusu Mtandao wa Mitaa katika Mombasa Bara

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Ni miji michache ya Afrika Mashariki ambayo methali hii inailenga barabara kama inavyoulenga mji wa Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka 2009, kebo ya TEAMS iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ilifika katika pwani hii. Mwezi uliofuata kebo ya SEACOM ilianza kazi, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tangu hapo kebo nyingine zimeongezeka. Sehemu kubwa ya habari, picha na malipo yanayokwenda Nairobi, Kampala na kwingineko hupita kwanza chini ya mchanga wa Mombasa. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mtongwe, mshonaji wa Mjambere na kibarua wa Chaani hununua mtandao kama mtu anunuavyo mafuta ya taa kwa kibaba: bando ya saa moja leo, bando ya siku kesho, na keshokutwa hakuna kitu. Mto unapita mlangoni, nao wanauziwa maji kwa kijiko.

Makala haya yanatetea wazo kwamba wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaweza kujifumia mtandao wao wenyewe usiotumia nyaya, unaojengwa na watu wa kujitolea na kumilikiwa na mtaa. Aidha, yanadai kwamba kikwazo kikubwa cha mradi wa namna hiyo si mitambo wala fedha za kuinunulia. Kikwazo ni utaratibu wa kuutunza mtandao baada ya siku ya ufunguzi, na utaratibu huo hauwezi kusimama ikiwa umeandikwa kwa lugha ambayo watunzaji wenyewe hawaimiliki.

Gharama ya kibaba

Bado wapo wanaodhani kuwa mtandao ni anasa ya vijana wapendao gumzo. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Machi 2020, shule zilipofungwa nchini kote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, tofauti kati ya mtoto na mtoto haikuwa akili wala bidii. Ilikuwa iwapo nyumbani mwao mna simu na iwapo simu hiyo ina bando. Mtoto aliyekosa vyote viwili alipoteza sehemu ya elimu yake kimyakimya, na hakuna mtihani uliomuuliza sababu.

Hali hiyo haikuisha shule zilipofunguliwa. Siku hizi cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, mkopo wa elimu ya juu na nafasi ya kujiunga na chuo huombwa mtandaoni. Asiye na mtandao hupanga foleni kwenye saiba, akalipia kuketi, akalipia kuchapisha, na mara nyingi akamlipa mtu wa kumjazia fomu yenye siri zake zote. Anunuaye kwa kibaba hulipa ghali kuliko anunuaye kwa gunia, na ndiyo sababu umaskini wa mtandao hujizalisha wenyewe: aliye na kidogo hutozwa zaidi kwa kila kipimo, naye husalia na kidogo zaidi.

Ikiwa kaya arobaini za mtaa mmoja zingeunganisha vibaba vyao, zingeweza kununua gunia. Hilo ndilo wazo la mtandao wa mitaa.

Wavu na mafundo yake

Mtandao wa aina hii hufanya kazi kama wavu wa mvuvi. Kila nyumba iliyokubali kujiunga huwekewa juu ya paa kifaa kidogo cha kupokea na kurusha mawimbi. Kifaa hicho hakipokei tu kwa ajili ya mwenye nyumba; hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha kwa jirani wa pili, mpaka ufike unakokwenda. Kila paa ni fundo, na mawimbi kati ya paa na paa ni nyuzi. Fundo moja likikatika, kwa mfano umeme ukipotea katika nyumba moja, ujumbe hutafuta njia nyingine kupitia mafundo yaliyobaki. Hakuna nyumba iliyo kitovu cha wavu. Mahali pamoja au pawili wavu hufungwa kwenye chemchemi, yaani intaneti iliyonunuliwa kwa pamoja kutoka kwa kampuni. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vitabu, masomo ya video na matangazo ya mtaa yanaweza kuhifadhiwa katika seva iliyomo ndani ya wavu wenyewe, na kuyasoma hakuhitaji senti ya bando hata siku ambayo chemchemi imekauka.

Mazingira ya Mombasa Bara yana masharti yake. Vifaa hivi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5, na mawimbi ya masafa hayo hupenda kuonana ana kwa ana. Majani ya mwembe na mnazi yaliyolowa mvua huyanywa. Mabati huyarudisha yalikotoka. Mawimbi yanayovuka mkono wa bahari, kama vile kutoka kisiwani hadi Likoni, hubadilika nguvu maji yanapojaa na yanapokupwa, kwa sababu uso wa maji huyaakisi. Hewa ya chumvi hula skrubu na viungio. Mambo haya yote yana dawa, lakini dawa yenyewe si ya kutiwa mara moja. Anahitajika mtu wa kupanda darini kila baada ya muda, kufuta kutu, kukaza kilicholegea na kukata tawi lililokua. Ni hapo ambapo suala linaacha kuwa la mitambo na kuwa la watu.

Bia na kikoa

Kiswahili kina maneno mawili yanayostahili kufufuliwa katika mjadala huu. La kwanza ni *bia*. Hii si ile ya chupani, bali ndiyo iliyozaa neno *ubia*. Kula bia ni kuchanga kwa pamoja, kila mtu akatoa fungu lake wakati mmoja, chakula kikapikwa na kuliwa. La pili ni *kikoa*. Kula kikoa ni kulishana kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko ukamilike na kuanza upya. Vibarua wapangaji wanaokaa chumba kimoja karibu na bandari au viwandani huuelewa utaratibu huu bila ya kufundishwa, kwa kuwa ndio unaoamua nani atapika ugali jioni. Katika bia, mtu huonyesha ukarimu wake siku moja. Katika kikoa, huonyesha uaminifu wake siku zote, hasa siku ambayo hana hamu.

Kununua vifaa vya mtandao ni bia. Mfadhili akitoa, wazazi wakichanga au diwani akisaidia, kazi hiyo hukamilika, picha zikapigwa na hotuba zikatolewa. Kuuweka mtandao hai ni kikoa. Nani atabeba betri wiki hii? Nani atakusanya mchango wa mwezi? Nani atamwendea jirani aliyezima kifaa kwa kuhofia kwamba kinakula umeme wake, akamweleza kwa upole kwamba kinatumia kidogo kuliko taa nyingi za nyumbani? Bia bila kikoa huacha mabati yenye vyuma vyenye kutu, na mtaa unaoamini kuwa teknolojia ilijaribiwa ikashindikana.

Mifano ya waliofaulu inaithibitisha hoja hii. Katika eneo la Mankosi, mkoa wa Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walianza mwaka 2012, wakisaidiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, kujenga mtandao wa namna hii. Vifaa vilifungwa katika nyumba zao na kuendeshwa kwa umeme wa jua. Kabla ya mapato ya mtandao wenyewe kuwa na maana, ushirika wao ulipata fedha kwa kuwachajia watu simu kwa umeme huo huo. Hivyo kazi ya utunzaji ilikuwa na mfuko wake tangu mapema. Jina la ushirika huo ni Zenzeleni, na mwanafunzi wa isimu ya Kibantu hawezi kulipita bila kulichambua. Katika Kixhosa, *zi-* hurejelea mtenda mwenyewe, *-enz-* ni mzizi wa kufanya, *-el-* ni kauli ya kutendea, na *-ni* huonyesha kuwa wanaoambiwa ni wengi. Kiswahili kinalitafsiri kiungo kwa kiungo: *ji-fany-i-e-ni*. Jifanyieni. Mtu wa Likoni angeliambiwa neno hilo angelielewa muundo wake kabla ya kuambiwa maana yake.

Karibu zaidi na nyumbani, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, Taasisi ya Tunapanda imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa jamii, na kuweka masomo katika seva ya humo humo ili mwanafunzi asihitaji bando kuyafikia. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, mtandao wa jamii ulipewa jina la Kiswahili: Pamoja Net. Na huko Katalunya, nchini Uhispania, guifi.net, iliyoanza mwaka 2004 katika vijiji ambavyo kampuni hazikuviona kuwa na faida, imefikia mafundo zaidi ya 30,000. Kilichoushika wavu huo mkubwa ni mkataba ulioandikwa unaoeleza haki na wajibu wa kila anayejiunga. Inafaa kuzingatiwa kwamba mkataba huo unapatikana kwa Kikatalani, lugha ya wenyeji.

Kazi ya lugha

Jambo hilo la mwisho ndilo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa jarida hili. Maelekezo mengi ya vifaa hivi yameandikwa kwa Kiingereza. Fomu na masharti ya leseni vilevile. Matokeo yake ni kwamba katika kundi la watu ishirini wa kujitolea, mmoja au wawili huwa ndio wenye kuelewa, na nywila zote hukaa vichwani mwao. Vijana hao ndio wa kwanza kupata kazi Nairobi au katika nchi za Ghuba. Wakiondoka, mtandao huondoka nao. Hapo kikoa hakikuvunjwa na uvivu. Kilivunjwa na lugha, kwa sababu waliobaki walitaka kushika zamu lakini hawakujua pa kushika.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Heshima hiyo haitakuwa na uzito iwapo mama anayetunza fundo la mtandao juu ya paa lake Timbwani hawezi kusoma, kwa lugha anayoiota, la kufanya taa nyekundu inapowaka. Wala kazi hii si ngeni. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili chini ya jina Jambo OpenOffice, na ikadhihirika kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kupatikana mtu akiketi na kuzitafuta.

Hata hivyo, kuna onyo. Istilahi zikitungwa mezani bila ya kuwasikiliza watumiaji, hubaki kwenye kamusi. Neno *kikoa* lenyewe ni mfano mzuri. Wataalamu walilichukua na kulipa maana mpya ya eneo la anwani katika intaneti, na leo watu wengi huliona mara ya kwanza kwenye skrini, wasijue kwamba nyanya zao walilitumia jikoni. Maana ya watu kulishana ikapotea, ikabaki ya anwani. Haikuwa lazima iwe hivyo. Wavuvi wa Mtongwe wana msamiati mpana wa wavu: fundo, uzi, jicho, kutanda, kushona palipopasuka. Msamiati huo unaweza kueleza mtandao wa mitaa kwa usahihi kuliko kukopa kila neno. Tena neno *mtandao* lina mzizi mmoja na *tanda*, kitenzi ambacho wafumaji na wavuvi walikitumia karne nyingi kabla ya kompyuta. Kinachotakiwa ni vijana wa idara za Kiswahili kushuka mitaani na daftari, kuwasikiliza wanaofunga vifaa, na kuandika mwongozo wa kurasa chache ambao fundi na nyanya yake wote wataelewa.

Pingamizi na majibu

Wapinzani wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Wa kwanza husema kwamba bei za kampuni zitashuka, na tayari satelaiti zimefika. Huduma ya Starlink ilianza nchini Kenya Julai 2023. Ni kweli. Lakini bei ya gunia ikishuka, kaya isiyoweza kununua gunia peke yake bado itaenda kibabani. Huduma mpya haiondoi haja ya wavu. Pale masharti yake yanaporuhusu, huwa chemchemi nyingine ya kuufunga.

Wa pili huuliza habari ya sheria. Kugawa intaneti kwa malipo bila ya leseni ni kosa, na hofu hii iliwarudisha nyuma wengi. Mwaka 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni unaoihusu mitandao ya jamii hasa. Kwa hiyo mlango upo. Kilichobaki ni kundi lililosajiliwa, lenye katiba na mweka hazina, la kuubisha.

Wa tatu, ambao mara nyingi ni wazazi, huhofia kwamba mtandao wa bei nafuu utawafikishia watoto uchafu na wahalifu. Hofu hii isidharauliwe, hasa katika mitaa ambayo imeteseka kwa magenge ya vijana na kwa shutuma za jumla dhidi ya kila kijana. Lakini uchafu huo tayari unafika kwa bando, na hakuna mzazi anayeshirikishwa. Mtandao unaomilikiwa na mtaa ndio pekee ambao wazazi wanaweza kuketi, wakajadili na kuamua kipi kipite katika seva ya shule na kwa saa zipi. Wanapoamua hayo, sharti waamue vilevile kwamba hakuna mwenye zamu atakayeruhusiwa kuchungulia mawasiliano ya jirani. Imani ikivunjika hapo, hakuna antena itakayoirudisha.

Pingamizi la nne halisemwi hadharani: kwamba mradi utatekwa na mwanasiasa. Hatari hii ni kubwa kuliko kutu. Kinga yake ni ile ile ya kikoa. Anayetaka kusaidia na achangie bia kama wengine, jina lake liandikwe daftarini pamoja na la muuza mahamri, na zamu yake imfikie.

Hitimisho

Si lazima kuanza na Mombasa Bara nzima. Mapaa sita yanayoonana yanatosha: shule moja, msikiti au kanisa, zahanati, duka, na nyumba mbili za watu wanaoaminika. Kabla ya kununua hata kifaa kimoja, watu wa mapaa hayo sita na waketi waandike kwa Kiswahili karatasi moja yenye majibu ya maswali matatu: zamu zitapangwaje, fedha zitashikwa na nani na kukaguliwa na nani, na nywila zitajulikana na watu wangapi. Wakishindwa kukubaliana juu ya karatasi hiyo, wasinunue kitu. Watakuwa wameokoa fedha zao. Wakikubaliana, vifaa vitakuja, na vikiharibika vitatengenezwa.

Kwa upande wao, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vimezoea kuandaa makongamano kuhusu nafasi ya Kiswahili katika sayansi na teknolojia. Makongamano hayo yana manufaa yake. Lakini mwongozo mmoja wa kurasa kumi, uliojaribiwa juu ya mabati ya Changamwe na kusahihishwa na fundi asiyejua Kiingereza, utakuwa ushahidi ambao hakuna azimio la kongamano linaloweza kuufikia. Wenye miti wapo, na sasa wajenzi wanatafutwa. Jifanyieni.